Kwa nini karani wa mizani hukubali kupunja

Chukua mfano wa karani wa mizani kwenye chama cha msingi huko Tandahimba, msimu wa korosho umepamba moto. Mkubwa wake anamwambia akate nusu kilo kwa kila gunia, "ya unyevu". Wiki ya pili inakuwa kilo moja. Ya tatu, mbili. Angeambiwa kilo mbili siku ya kwanza, angegoma.

Ngazi ndogo kama hizo ndizo mwanasaikolojia Stanley Milgram alizoziweka kwenye mashine ya jaribio lake la utii pale Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1961: swichi 30, kutoka volti 15 hadi 450, kila moja ikiizidi iliyotangulia kwa volti 15. Msimamizi aliwaagiza washiriki wampige mtu mwingine shoti kila alipokosea jibu, wakipanda swichi moja baada ya nyingine. Shoti hizo hazikuwa za kweli, lakini washiriki hawakujua. Kati ya wanaume 40, 26 walifika mwisho. Wengi walitetemeka na kutokwa jasho. Hawakuwa watu katili.

Milgram alieleza kwamba mtu hujiona mkono tu wa aliyeagiza. "Mimi nimetumwa." Kwangu maelezo haya hayatoshi, maana utii ulibadilika sana mazingira yalipobadilika. Msimamizi alipoagiza kwa simu, walifika mwisho takriban mmoja kati ya watano. Wenzao wawili walipogoma mbele yao, walibaki 4 kati ya 40.

Kwa hiyo karani asiachwe peke yake. Wakae wawili mizanini, mkulima ajisomee namba, na agizo lolote la kukata kilo liandikwe na kusainiwa na aliyelitoa kabla gunia halijapanda mizani.