Nilivyojifunza kupiga gitaa la resoneta kwa slaidi

Gitaa la resoneta lina koni nyembamba ya alumini ndani ya tumbo lake. Nyuzi zikitikisika, daraja linaitikisa koni, na koni ndiyo inayopaza sauti. Kampuni ya National ilianza kuyauza Marekani mwaka 1927, magitaa ya umeme yakiwa bado hayajaenea. Sauti yake ni kali na haifichi kitu, na hilo ndilo lililoongoza mazoezi yangu yote.

Nilianza na tyuni (mpangilio wa sauti za nyuzi) ya G wazi. Uzi wa sita, ulio mnene kuliko zote, wa tano na wa kwanza, ulio mwembamba zaidi, unashushwa toni nzima kila mmoja, hivyo kutoka uzi mnene hadi mwembamba unapata D-G-D-G-B-D. Ukipiga zote bila kushika popote, tayari ni kordi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya G. Weka slaidi, kile kibomba kinachovaliwa kidoleni, kwenye freti (vichuma vinavyokata shingo ya gitaa) ya 5 upate C, ya 7 upate D, ya 12 urudi G. Bluzi nzima imo ndani ya kordi hizo tatu. Kwa kuwa nyuzi zilizoshushwa hulegea, nilifunga nene kuliko za kawaida na kuziinua kidogo, slaidi isigonge freti.

Slaidi ya kioo naivaa kidole cha mwisho. Haikandamizi uzi, inaugusa tu, tena juu kabisa ya kichuma cha freti, si nyuma yake kama vidole vilivyozoea.

Zoezi lililonijenga sikio ni hili: uzi wa tatu ukiwa wazi ni G, na uzi wa kwanza kwenye freti ya 5 ni G pia, oktava moja juu. Nilikuwa napiga wa tatu nikauacha uvume, kisha napandisha slaidi taratibu kwenye wa kwanza. Slaidi ikipungua hata kidogo, sauti mbili zinagombana na unasikia mawimbi yakipiga haraka. Ukikaribia, mawimbi yanapungua kasi, kisha yanatulia kabisa. Hapo ndipo pa kusimama. Tyuna, kifaa cha kupimia sauti za nyuzi, haifundishi hivyo.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ni kunyamazisha. Uzi hutikisika pande zote mbili za slaidi, na ule upande wa nyuma hutoa kelele. Kwa hiyo kidole cha shahada, cha kati na cha pete navilaza nyuma ya slaidi, vikiburuzika nayo. Mkono wa kulia nao, vidole vinarudi kwenye nyuzi ambazo zamu yake haijafika. Nilimsikiliza sana Tampa Red, mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani aliyependa kuutembeza wimbo kwenye uzi mmoja kwa usafi wa ajabu, na kwa maoni yangu mwanafunzi aanzie kwake kabla ya kukimbilia kordi nzima.

Baadaye nikahamia D wazi, D-A-D-F#-A-D. Huko uzi wa kwanza na wa sita zote ni D, noti ya nyumbani ambako wimbo hutulia: dole gumba linashika mdundo chini, slaidi inaimba juu, na freti ya 12 inakuwa mahali pa kumalizia kila mstari.