Masale Hayaendi Kanisani

Mama mdogo hakuwa na duka la maua. Alikuwa na ndoo, mkasi wa kupogolea, na simu iliyokuwa haitulii kuanzia Desemba ikiingia, Wachaga wanaporudi nyumbani na kila Jumamosi mlimani Kilimanjaro kuna harusi. Desemba ya mwaka 2009 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo tu nyumbani Arusha nasubiri matokeo, akanichukua nimbebee ndoo.

Harusi yenyewe ilikuwa Machame. Mama wa bibi harusi alitaka maua meupe matupu, "yajae, watu waone". Majani hakutaka hata kuyasikia. Kwake yalikuwa ujanja wa wapambaji wa kubania maua. Mama mdogo akaitikia "sawa mama" kwenye simu, akakata, akaniambia nisisahau mkasi.

Ijumaa asubuhi na mapema tulikuwa Usa River. Mashamba ya waridi ya upande ule hulima kwa ajili ya Ulaya, na ua lenye shina fupi au lililopinda halipandi ndege. Hayo ndiyo huishia kwa watu kama sisi. Shina kupinda si hoja, kwenye chombo nani ataliona? Hoja ni ua la juzi lililochomekwa katikati ya maua ya leo.

Rangi mama mdogo hakuiangalia kabisa. Alishika kila tumba kwa chini, karibu na kikonyo, akalibinya taratibu kwa vidole viwili. Gumu, linaingia ndooni. Linabonyea, linarudi lilikotoka. Kisha anageuza shina na kukagua mkato: ukiwa mweusi na unateleza, ua hilo limekaa kwenye maji machafu. Tumba lililofumba sana nalo alilikataa, maana waridi likikatwa changa mno huinamisha shingo na halifunguki tena. Alitaka lile ambalo vijani vyake vya chini ya ua vimeanza kushuka. Petali za nje zilizochubuka hakuzijali, hizo hubanduliwa. Lakini alipoona vidoa vya kahawia, kama matone ya chai kwenye kitambaa cheupe, alilisukuma shada zima pembeni. Ule ni ukungu, na ukiingia kwenye ndoo unahama ua hadi ua.

Muuzaji uvumilivu ukamwishia. "Mama, unanunua maua au unaoza binti?"

"Binti naoza kesho. Haya yako yameanza kuoza leo."

Akacheka, akatupunguzia bei.

Tukaongeza karnesheni nyeupe, tukafunika ndoo kwa magazeti yaliyoloweshwa, na gari letu, Noah, likaondoka kabla jua la Boma Ng'ombe halijakolea. Pale tambarare pana joto la kufungua waridi lote kabla ya sherehe.

Machame tulipokelewa vizuri, chai na maandazi, kisha tukaonyeshwa stoo yenye ubaridi safi ya kuwekea maua. Mle ndani kulikuwa na mikungu ya ndizi za wageni, imeiva mpaka inanukia hadi mlangoni. Mama mdogo aligeuka na ndoo zake pale pale. Ndizi ikiiva hutoa gesi ya ethilini, na karnesheni haivumilii gesi hiyo: petali zake hujikunja kwa ndani na ua linanyauka kama halikupewa maji. Yeye hakulijua jina la gesi, mimi nimelijua baadaye. Alichosema ni kwamba ndizi mbivu na karnesheni hazilali chumba kimoja. Wenyeji walimwona mwenye maringo. Maua yalilala barazani, upande usiopigwa na upepo.

Jioni tukaingia kwenye majani, na hapo ndipo alipojichelewesha kuliko hata kwenye waridi. Alitaka majani yaliyokomaa, kwa sababu machipukizi mororo hulegea mara tu yakikatwa. Mti wa mgrevilea wa kando ya kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, ulimfaa: jani lake limechanikachanika, juu kijani, chini lina rangi ya fedha, na ukiligeuza kidogo linabeba weupe wa waridi bila kushindana nao. Nikaona masale, mimea ya majani marefu yanayong'aa, yamepandwa mpakani, nikauliza mbona tunayaacha. Kijana mmoja wa pale akawa ameshachomoa panga.

Babu wa bibi harusi, aliyekuwa kimya kwenye kigoda chake muda wote, akanyanyua fimbo. "Acha hayo. Masale hayaendi kanisani kesho. Wakwe wakiyaona wataniuliza nimewakosea nini."

Kwa Wachaga, sale ndilo unalolibeba unapokwenda kuomba msamaha, na masale husimama mpakani na makaburini. Mama mdogo, mzaliwa wa Rombo, alikuwa anacheka chini chini. Alikuwa anajua, alitaka tu babu alitamke mwenyewe, kijana asikie.

Usiku tuliloweka sponji za kuchomekea. Nilitaka kuzikandamiza zizame haraka, akanipiga kofi la mkono: sponji huachwa izame yenyewe, la sivyo katikati hubaki pakavu na ua linalochomwa hapo halinywi. Majani yalitangulia yote, yakatoa umbo, na waridi likaja mwishoni kwenye nafasi zilizobaki. Madhabahuni yalionekana maua mengi kuliko tuliyonunua.

Jumapili mama wa bibi harusi alilipa, lakini si bila maneno. Maua yalikuwa mazuri, hakatai, ila majani si yametoka shambani kwao wenyewe? Iweje yaandikwe kwenye hesabu?

"Basi, mama, futa majani," alijibu mama mdogo. "Andika kuchagua majani." Bei ikabaki ile ile.