Laptopu inachemsha na video ya harusi haijaisha

Jamani mwenzenu wiki mbili hizi nimekiona cha moto, na cha moto kwelikweli. Wanaonijua washajua kazi yangu, napiga video za harusi hapa Wete, Pemba, lakini upande wa wanawake tu, singo, kupamba, ukumbini, kule kote ambako mwanamme na kamera yake hatii mguu. Harusi ilikuwa Jumapili, mama wa bi harusi nikamuahidi video yake Alhamisi, nikakaa nikakata nikapanga nikatia na muziki, usiku nikabonyeza irenda, yani laptopu iviunganishe vipande vyote viwe video moja, niende zangu kulala. Asilimia 30, paa, kiza. Haikuandika kitu, haikulalamika, imezima tu kama taa.

Kwanza nikajua umeme, si mnajua huku kwetu, lakini pangaboi juu linazunguka na chaja ina taa. Nikaiwasha tena, ikafika nembo ikazima. Nikaiwasha tena, ikazima kabla hata ya nembo. Nikaiacha nikenda kusali, niliporudi ikawaka vizuri kama haijafanya kitu, nikabonyeza tena irenda, ikafika 28 ikazima.

Asubuhi nikaipeleka kwa fundi mmoja, simtaji. Hata hakuigeuza kuitazama tumbo, akaniambia dada hii Windows imechoka, iache hapa tuipige upya, njoo kesho. Niiache? Humo ndani mna wake za watu na binti za watu, wamevua mabaibui, nywele nje, wanacheza na kujimwaga. Ile ni amana. Si kwamba namdhania ubaya yule kijana, hata angekuwa ndugu yangu wa toka nitoke nisingemwachia usiku mmoja. Basi nikahamishia vitu vyangu vyote kwenye diski ya nje, nikakaa kwenye benchi lake mpaka adhuhuri naye anapiga Windows, nikatoa elfu 20 nikarudi nyumbani. Irenda. Asilimia 26. Yani ndo imezidi!

Hapo ndo nikaanza kutumia akili ambayo ningeitumia tokea mwanzo. Kama ingekuwa Windows, mbona inazima kabla hata Windows yenyewe haijatokea? Na mbona ukiipumzisha robo saa inawaka? Nikatoa betri, yangu ya zamani inachomoka kwa nje, nikaitumia kwa chaja tupu, ikazima vilevile, kwa hivo betri haina kosa. Nikatazama Event Viewer, lile daftari ambalo Windows inaandika yaliyotokea, kila ilipozima pameandikwa Kernel-Power 41, nikafurahi nikajua nimepata, kumbe ile inasema tu kuwa mashine imezimika bila kufungwa vizuri, sababu haisemi. Kama polisi anayekuja kuandika kuwa mwizi kaja.

Mdogo wangu yuko Unguja, anasoma mambo hayohayo ya kompyuta, nikampigia. Akaniambia da' weka kiprogramu kinaitwa Core Temp, ni cha bure, afu irenda huku unatazama namba. Nikaweka. Imekaa tu haifanyi kitu, digrii 71. Nikabonyeza irenda, 85, 92, 97, 99, kiza. Akacheka kule kwenye simu, akasema hiyo haiumwi inajiokoa, prosesa, yani ubongo wa kompyuta, nyingi za Intel mwisho wake ni kama digrii 100, zikikaribia hapo zinajipunguzia mwendo, na joto likikataa kushuka zinajizima zisije zikaungua. Ile siku moja nilisema nisifungue kwanza, nikaenda kwenye mambo ya umeme ya Windows nikaishusha prosesa kutoka 100 mpaka asilimia 99, hapo inaacha kukimbia ule mbio wake wa ziada, na kweli joto likashuka kidogo na irenda ikafika 60. Nikasema alhamdulillahi. Ikazima 61.

Basi nikaifungua mwenyewe, mlango nimetia komeo, watoto nimewapeleka kwa bibi yao. Nitawaambia kitu kimoja cha maana kuliko vyote: skrubu hazilingani. Kuna ndefu na kuna fupi, ndefu ukiitia pahala pa fupi inaweza kutokeza upande wa pili ikatoboa kitu. Mie nilichora laptopu kwenye karatasi nikazichomeka kila moja pahala pake kwenye mchoro. Chaja nje, betri nje, nikabana kitufe cha kuwashia kama sekunde 20 umeme uliobaki uishe. Skrubu mbili zilikuwa na kutu hazitoki, hii hewa yetu ya pwani na chumvi yake haiachi kitu salama, ikabidi nibonyeze bisibisi kwa nguvu zangu zote na bismillahi juu.

Feni yenyewe haikuwa mbaya sana. Nikashangaa, nikasema sasa joto linatoka wapi. Nikatoa feni, na hapo kati ya feni na ile hitisinki, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, pamekaa blanketi. Si vumbi, blanketi! Limeshikana unalivua kipande kimoja, nyuzi za kanga, pamba ya godoro, manyoya ya paka, na jirani yangu anaanika karafuu uwanjani msimu mzima makonyo yanapepea, wallahi nililinusa lile blanketi linanuka karafuu. Feni inazunguka kwa nguvu zake zote na upepo hautoki hata chembe. Na kosa langu, mie kazi zangu nyingi nafanyia kitandani, laptopu juu ya shuka, tundu za chini zimeziba, na feni inavuta kila kilichoko kitandani.

Nikasafisha kwa brashi ya rangi mpya na pampu ya baiskeli. Feni uishike kwa kidole isizunguke unapopuliza, ikizungushwa kwa kasi inaharibu beringi, na kwa mdomo usipulize maana unatia mate.

Nikafunga, nikawasha, digrii 58 imekaa tu. Nikapiga vigelegele peke yangu. Irenda, ikapanda pole pole safari hii, 90, 94, ikafika asilimia 80 ya kazi, ikazima. Nililia, sitowaficha.

Mdogo wangu akasema basi ni pesti. Baina ya prosesa na kile kipande cha shaba cha kubebea joto pana pesti ya kijivu, kazi yake kuziba vijinafasi visivyoonekana ili joto lipite, na yangu ya miaka mingi, nilipofungua ilikuwa kavu inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Nimezunguka Wete sikuipata, nikaagiza na Chake hakuna. Kijana mmoja wa hapa mtaani akaniambia tia Colgate. Nikatia! Msinicheke, ilifanya kazi, 82 tu, siku mbili za raha, ya tatu ikakauka ikarudi 96. Mdogo wangu alivyosikia akanigombeza kama yeye ndo mkubwa, akanunua pesti huko mjini akampa mtu wa boti.

Ilipofika nikafuta ile Colgate kwa spiriti ya duka la dawa, nikangoja ikauke kabisa, nikatia pesti kiasi cha punje ya mchele katikati, si kupaka kama siagi. Hitisinki ina skrubu nne na zimeandikwa 1 mpaka 4, unakaza kidogo kidogo kwa mfuatano huo, ukikaza upande mmoja mpaka mwisho inakaa mshazari.

Digrii 49 imekaa tu. Irenda ikaenda kwa muda wa saa mbili na dakika kumi mpaka ikaisha, haikupita 84, na feni haivumi tena kama boti la saa moja. Sasa iko juu ya meza, nyuma nimeiinua kwa vifuniko viwili vya soda, kitandani haipandi tena.

Video nikaipeleka kwa flashi, siku tisa nimechelewa, nimejitayarisha kutukanwa. Bi mkubwa akatazama yote, kimya, mpaka mwisho, afu akanigeukia, "Mwanangu, nzuri, mashaallah. Lakini huyu wifi yangu mbona kacheza muda wote huo na mie nimetokea mara mbili tu?"

Nimo nakata upya. Digrii 77.