Uzoefu wangu: kulinda figo za mgonjwa anayepata sisplatini

Wengi ninaowahudumia ni akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi. Hupata sisplatini, dawa ya kuua seli za saratani, kila wiki, miligramu 40 kwa mita ya mraba ya mwili, sambamba na mionzi. Seli za vijirija vya figo (mirija midogo sana iliyo ndani ya figo) huifyonza dawa hii na kuilimbikiza, ndiyo maana figo huumia mapema.

Kabla ya kila dozi nadai kipimo cha wiki hiyo cha kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, kisha napiga hesabu ya kasi ya figo kuchuja: 140 toa umri, zidisha kwa kilo, zidisha kwa 1.04, gawanya kwa kreatinini (mikromoli kwa lita). Mama wa miaka 60, kilo 48, kreatinini 90, anapata mililita 44 tu kwa dakika, ilhali maabara nyingi huiona 90 kuwa ya kawaida. Chini ya 50 situndiki dawa mpaka daktari aamue. Naomba pia ultrasaundi, kwa sababu uvimbe wenyewe huweza kubana mirija ya mkojo. Hapo dripu haisaidii. Mkojo lazima utafutiwe njia kwanza.

Figo zikiwa salama, natanguliza lita 1 ya maji ya chumvi ya 0.9% kwa saa 2, yenye potasiamu kloridi milimoli 20 na magnesiamu salfeti gramu 2. Sisplatini nayo huchanganywa kwenye maji ya chumvi, kamwe si kwenye glukosi tupu: kloridi ndiyo inayoifanya itulie. Baadaye lita nyingine. Mkojo naupima kwenye chombo chenye alama. Nataka mililita 100 kwa saa. Mwenye moyo dhaifu namsikiliza mapafu kila mara.

Hatari kubwa huanza akisharudi nyumbani, siku ya 2 hadi ya 5, anapotapika na kushindwa kunywa. Simruhusu kuondoka bila dawa za kuzuia kutapika za siku zote hizo, na namwambia: mama, lita 2 kwa siku, kidogo kidogo, maji yakikataa kukaa tumboni siku nzima, rudi upesi, usingoje kliniki. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa namkataza kabisa. Maumivu atumie parasetamoli. Akija na homa, namkumbusha daktari ajihadhari na antibayotiki ya jentamisini, maana nayo hushambulia vijirija vilevile.

Misuli ikikaza au vidole vikifa ganzi, pima magnesiamu. Ikiwa chini, potasiamu haitapanda hata umpe kiasi gani.