Kidau cha Hombolo: kumbukumbu ya kiangazi cha tatu

Mei 25

Kimetoka majini leo. Tulikibeba watu sita, wakiwemo vijana wawili wa Hombolo ambao kila mwaka hunicheka kwa kuita kidau kitu ambacho kwao ni mtumbwi tu. Mwenye kirikuu alisimama pembeni akiziangalia springi za gari lake kwa huruma. Futi 14, mbao za mwembe, mataruma, yaani mbavu za ndani, ya mninga. Shetri, sehemu yake ya nyuma, ilichomoza nyuma ya gari, tukaifunga kitambaa chekundu, tukashika njia ya mjini polepole mpaka magari yaliyotufuata yakachoka kupiga honi.

Bwawa la Hombolo, hapa Dodoma, bado halijapungua sana. Kutoka kwenye mgunga wangu wa alama hadi maji ni hatua 22. Lakini mvua zilikwisha Aprili, na Dodoma mvua ikikata imekata, mpaka mwishoni mwa Novemba au Desemba. Pangani nilikolelewa hakuna kitu kama hicho. Kusi likivuma unasubiri siku kadhaa, bamvua inakuja na maji makubwa, maji mafu yanakuja na madogo, bahari yenyewe haiendi popote. Nilipohamishwa na ofisi mwaka 2018, sikujua kuna mahali maji nayo huenda likizo.

Juni 2

Kidau kiko uani chini ya mwarobaini. Nimekilaza juu ya magogo matatu, uzito wote ukae kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa chini. Mwaka wa kwanza nilikiegemeza ubavu mmoja ukutani kama baiskeli, na kufikia Oktoba kilikuwa kimepinda.

Hilo halikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa ninaliandika hapa ili nilisome kila nikiwashwa mikono.

Kiangazi kile cha kwanza nilikiacha kwenye jua tupu. Ubao hausinyai kwa urefu, husinyaa kwa upana, na mwembe husinyaa kweli, si kama mninga ambao hautikisiki. Kufikia Agosti maungio yalikuwa yameachana kiasi kwamba sarafu ya shilingi 200 ilipita bila kusukumwa. Ukikaa ndani ya chombo uliuona ua mzima kupitia ubavuni. Nikaona nifanye kazi ya kiume: nikanunua pamba, nikaisokota, nikaichovya kwenye mafuta, nikagonga kalafati, yaani kuziba kwa pamba hiyo, kila ungio kwa patasi butu na nyundo ya mbao mpaka pamba ikawa ngumu kama kisigino. Kilipendeza. Nilipiga picha.

Januari kikaingia majini. Mwembe ukanywa, ukavimba, ukatafuta nafasi yake ya zamani na kuikuta imejaa pamba. Siku ya tatu nilisikia mlio kama kuni mbichi inayopasuka. Mataruma mawili yalikuwa yamekatika na misumari ya ubao wa tatu kutoka chini imevutwa nje. Mbao ikivimba haibishani na mtu.

Kwa hiyo sheria ya uani kwangu ni moja: hakuna kalafati wakati chombo kimekauka. Kiangazi chote ni kukizuia kisikauke mno, na kuzuia mikono yangu.

Juni 16

Kipupwe kimeingia. Asubuhi watu wanaenda kazini na makoti mazito kama wako Njombe. Baridi haikidhuru kidau, mwenye madhara ni upepo mkavu unaokuja nayo.

Utaratibu wa mwaka huu: magunia ya katani yametandikwa ndani, chini kabisa, na mengine yamening'inizwa ubavuni upande wa mashariki unakotoka upepo. Kila baada ya siku moja, jioni, ndoo mbili. Mchana ni kupoteza maji bure.

Ndoo mbili si jambo dogo katika mji unaotegemea sana visima vya Mzakwe, na kwetu bomba linatoa siku mbili kwa wiki. Jana mke wangu alisimama mlangoni akaziangalia zile ndoo.

"Baba, hicho chombo kinaoga mara nyingi kuliko mimi."

Tumekubaliana: kitapata maji ya kusuuzia nguo, yale ya mwisho. Ya sabuni hapana, sabuni inaondoa mafuta kwenye mbao. Amenikumbusha kwamba mtu anayejua tofauti hiyo anaweza pia kufua. Sasa Jumamosi nafua mimi.

Juni 29

Nimempigia mjomba Pangani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Chombo kinakuhangaisha bado?"

Nikamweleza magunia. Akaniambia nitie chumvi ya mawe kwenye maji, chumvi hushika unyevu na huzuia kuoza. Nikamuuliza misumari je, si itakula kutu? Akanyamaza kidogo. "Misumari ya huko ni ya nini?" Nikamwambia ni ya chuma cha kawaida iliyopakwa zinki. "Basi tia kidogo. Na ukirudi kwenu tutakutengenezea chombo cha watu."

Nimetia kikombe kimoja kwa ndoo.

Julai 20

Huu ni ukurasa wa aibu, nitaupitia haraka. Makasia yalihitaji mafuta. Mafuta ya kitani sikuyapata kwenye maduka matatu, na mkoa huu pamoja na jirani zetu wa Singida umejaa alizeti, nikajiambia mafuta ni mafuta. Nikayapaka makasia yote mawili na upondo, ule mti wa kusukumia chombo, nikayaegemeza ukutani.

Mafuta ya kitani hushika hewa yakageuka utando mgumu. Ya alizeti yana tabia hiyo nusunusu: yanafika njiani yanakaa. Wiki ya pili makasia yalikuwa bado yananata, na huu ni Julai, vumbi la Dodoma halikosi mlango. Sasa nina makasia mawili yaliyovaa msasa. Nimetumia Jumapili nzima kuyakwangua kwa kipande cha kioo. Mwanangu anapendekeza tuyauze kwa mtu wa kucha.

Agosti

Upepo, upepo, upepo. Turubai limeraruka mara mbili. Nimeshona tanga lote upya kando kando kwa uzi wa mshipi, nimeunga kamba za nanga, nimechonga upo mpya wa kukumbia maji kutoka kwenye dumu la lita tano. Kazi zikaisha tarehe 17.

Jirani yangu, mzee wa Kigogo anayepita kila jioni kutoka kwa mbuzi wake, amesimama leo kwa mara ya kwanza. Miaka mitatu amekuwa akipita akiangalia tu.

"Mbukwa."

"Mbukwa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, Nuhu aliambiwa na Mungu. Wewe umeambiwa na nani?"

Septemba 14

Nimeshindwa kuvumilia, nimepanda daladala kwenda Hombolo bila sababu. Kutoka kwenye mgunga hadi maji: hatua 241. Niliyapima mara mbili.

Pale nilipokuwa nikifunga chombo pana mchicha na matembele. Watu hufuata maji yanavyorudi nyuma na kulima kwenye unyevu yalikotoka, na wana haki zaidi yangu, maana wao wanakula. Bwawa hili lilijengwa mwaka 1957, na tangu hapo kila msimu mito inalishushia udongo, kwa hiyo kina kinapungua kutoka chini wakati jua linakipunguza kutoka juu. Vijana wangu wawili walikuwa wanavuta nyavu za perege kwenye maji ya kiunoni. Wao hawana msimu wa kupumzika, wana msimu wa samaki wengi na msimu wa samaki wachache. Nilijisikia mjinga kidogo na huzuni yangu ya mtu mwenye mshahara.

Wamenishauri nihamishie kidau Mtera, kule maji yapo mwaka mzima. Ni kweli, ila ni yale maji ya umeme: bwawa likijaa linafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni 690, na kwenye kingo zile tambarare mita hizo nane na nusu zinakuacha mbali sana na maji. Halafu kuna viboko. Kiboko na kidau cha futi 14 cha mwembe, jibu lake mtu hahitaji kwenda shule.

Oktoba 12

Mnada wa Msalato, Jumamosi. Wenzangu walikwenda kula nyama, mimi nikazunguka kwa wachinjaji kuomba mafuta ya ng'ombe mabichi, kilo tano. Mmoja aliniuliza kama natengeneza sabuni. Nikasema deheni. Akaniuliza deheni ni kabila gani.

Deheni ni chokaa na mafuta, hupakwa chini ya chombo, sehemu inayokaa majini. Pwani wengi huchanganya na sifa ya papa, na harufu yake ndiyo utoto wangu. Nimeyayeyusha nyuma ya nyumba, nimechuja, nimehifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Chokaa itaingia siku ya kupaka, si kabla.

Nimejaribu sarafu. Ya shilingi 200 haipiti popote. Nimejaribu hadi ubavu wa mashariki uliopigwa upepo wote ule. Ukucha unaingia, sarafu haiingii. Nilimwita mke wangu aje aone. Alikuja, akaona, akasema na matenki ya nyumba nayo yaangaliwe hivyo hivyo.

Novemba 9

Sasa ni kulowesha hasa. Magunia kila jioni, na mchanga mbichi ndani hadi usawa wa mataruma. Bomba likitoa, tunajaza kwanza vya nyumbani, kinachobaki ni cha kidau. Ubao wa tatu kutoka chini, ule uliovutwa misumari mwaka ule, umeanza kukaza.

Novemba 23

Mchanga nimeutoa juzi. Leo nimegonga kalafati. Pamba nyembamba, utambi mmoja kwa ungio, wa kuingia kwa kidole na kugongwa mara mbili tatu tu. Nyundo ilikuwa inanidai zaidi nikaiweka chini. Mjomba alikuwa kwenye simu ya spika muda wote akisikiliza mlio. "Umezidisha hapo," alisema mara moja, na alikuwa amesema kweli.

Kisha nikamimina ndoo sita ndani, nikalala chini na tochi. Kinatoa jasho ubavu wa kushoto, na kinavuja mahali pawili karibu na shetri. Nimepatia alama ya mkaa. Ndoo sita zile nimezikumba kwa upo mpya na kuzipeleka kwenye migomba, kama tulivyoahidiana na mke wangu.

Mzee wa mbuzi amepita, ameangalia mashariki, ameangalia kidau, hakusema kitu. Kutoka mgunga hadi maji, vijana wamenitumia ujumbe: 388.