Nundu bado naila, ila mafuta yake nayaona kwanza

Buchani kwetu Dodoma sina haja ya kuagiza. Jumamosi nikitokeza tu mlangoni, kijana anauliza, "Mzee, kilo ileile?" na panga liko tayari juu ya nundu ya ng'ombe. Nyumbani tulipokua, nundu ilikuwa ya baba na mgeni. Sisi watoto tuliambulia mchuzi. Nadhani ndiyo maana nilipoanza kushika hela yangu niliila kama mtu anayedai deni.

Mwaka jana nikapimwa, lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) ikaonekana ipo juu. Daktari akasema, "Baba, punguza nyama ya mafuta." Mwezi mzima sikupunguza hata kipande. Nipunguze kiasi gani, kutoka wapi hadi wapi? Sikuuliza, naye hakusema.

Sufuria ndiyo iliyonijibu. Usiku mmoja nilichemsha kilo ya nundu, nikaitwa msibani kwa jirani kabla hatujala, mke wangu akaiweka kwenye friji ilipopoa. Asubuhi nafunua, juu pametanda utando mweupe, mgumu, mnene kama chapati. Nikaubandua na kuuweka kwenye mizani ya unga wa keki: gramu 140. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, kwa hiyo pale palikuwa na kalori 1,260. Na karibu nusu ya mafuta ya ng'ombe ni yale yanayoufanya utando ugande, ambayo ndiyo yanayopandisha lehemu mbaya. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku; kwa anayekula kalori 2,000 ni kama gramu 22. Utando ule, wenye kama gramu 70 za hayo, ulikuwa fungu langu la siku tatu, nami nilikuwa nauteremsha kwa supu na chapati mbili kabla ya saa tatu asubuhi. Halafu mchana nyama iliyobaki naikaanga, tena kwa mafuta ya kupikia!

Sasa nachemsha Ijumaa jioni: maji, tangawizi, vitunguu saumu, chumvi kidogo, moto mdogo kwa muda wa kama saa mbili. Ikishapoa kidogo inaingia kwenye friji, haikeshi jikoni. Asubuhi nabandua utando kwa kijiko. Siku umeme ukikatika nainamisha sufuria na kuchota yanayoelea kwa upawa. Hayatoki yote, lakini mengi hutoka. Nyama naikata vipande vyembamba, naitupa kwenye kikaango kikavu. Haihitaji tone la mafuta, kwani nundu si shahamu tupu kama wengi wanavyodhani. Ni msuli uliosukwa na mafuta, na yaliyobaki ndani yanatosha kuipaka rangi. Vitunguu, nyanya na hoho vinafuata.

Hayo ya ndani ndiyo yananilazimisha kupima sahani pia. Wataalamu wa saratani wanashauri nyama nyekundu iliyopikwa isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki. Ile kilo tunaila watu wanne, mimi nikipata vipande vitano hivi, pembeni mlenda wa kutosha na ugali mdogo kuliko wa zamani. Siku nyingine ni maharage, choroko au dagaa.

Wiki ya kwanza watu wa nyumbani walilalamika kuwa supu imekuwa maji ya kunawa. Walikuwa na haki, maana harufu ya nyama imo kwenye mafuta. Nikawa narudisha mafuta hayo kijiko kimoja kidogo cha chai na kukamua ndimu, kelele zikaisha.

Baada ya miezi sita kipimo kilishuka, ingawa bado hakijafika kinapotakiwa. Siwezi kuipa sufuria sifa zote, kwani nilianza pia kutembea jioni.

Utando wenyewe nilitaka kuutupa. Mama akanipokonya, akautia kwenye kopo. Sasa anauchota kidogo kidogo kwenye mlenda wake, na kila akinipita na kopo lile ananitazama kama mtu aliyetupa chakula.