Gesi Iliyomharibia Nadar Picha

Zikitajwa picha za kwanza za angani, watu huuliza habari za kupaa: nani alitangulia, alifika mita ngapi. Mimi nimewahi kushika mabamba mabichi ya kolodioni, yaani vioo vya kupigia picha vilivyopakwa utomvu na kutumiwa vikiwa bado vimelowa, kwa hiyo swali langu huwa jingine. Huko juu, ndani ya kikapu kinachoyumba, mpiga picha alilisafishia wapi bamba lake?

Maana puto lilikuwepo Ufaransa tangu 1783, na upigaji picha ulitangazwa Paris mwaka 1839. Vitu vyote viwili vilikuwa mji mmoja, na bado ikapita karibu miaka 20 ndipo mtu akavikutanisha.

Aliyewahi kuifanya kazi hii hashangai. Unashika kioo kwa pembe moja, unamimina kolodioni katikati, unakiinamisha taratibu ili ule utomvu ufike pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, na unaobaki unaurudisha kwenye chupa kupitia ya nne. Harufu ya etha inakupanda kichwani. Uso ukianza kuganda unalizamisha bamba kwenye nitrati ya fedha, gizani, dakika 3 hivi. Unalitoa likichuruzika, unalitia kwenye kasha lake, unapiga, unawahi kulisafisha. Likikauka mikononi mwako ndiyo basi tena. Una dakika 10, au 15 hali ya hewa ikikuonea huruma, na nitrati ikikugusa vidole itakuachia madoa meusi ambayo sabuni haiyawezi.

Haya, mpandishe mtu huyo angani. Gaspard-Félix Tournachon, ambaye Paris nzima ilimwita Nadar, mwaka 1858 alipanda puto lililofungwa kwa kamba huko Petit-Bicêtre, nje kidogo ya mji, akiwa na hema la giza humo humo kikapuni. Akapiga, akasafisha: bamba jeusi. Akarudia, jeusi tena. Akatengeneza dawa upya, akasugua vioo, akapanda tena. Weusi ule ule.

Kumbe mchawi alikuwa puto lenyewe. Lilijazwa gesi ya taa, ile inayotokana na makaa ya mawe, na ndani yake mna salfidi ya hidrojeni. Puto likipanda, gesi hutanuka, na iliyozidi hutokea mdomoni kwa chini, yaani moja kwa moja juu ya mpiga picha na beseni lake la fedha. Fedha ikikutana na salfidi huwa nyeusi. Hata vijiko vya fedha hufanya hivyo kabatini. Siku Nadar alipopanda mdomo wa puto ukiwa umefungwa, kiasi cha mita 80 tu kutoka ardhini, akapata picha yake: hafifu, lakini ilionyesha shamba, nyumba ya wageni na kituo cha askari. Kufunga mdomo wa puto linalopanda si jambo la mzaha, kwani gesi ikikosa pa kutokea kitambaa kinaweza kupasuka. Picha hiyo ilipotea. Zake za angani tulizonazo leo ni za miaka kumi baadaye.

Ndiyo maana picha ya angani ya zamani kuliko zote zilizobaki ni ya Boston, Marekani. James Wallace Black aliipiga tarehe 13 Oktoba 1860 akiwa na Samuel Archer King, mrusha maputo. Katika mabamba waliyopiga siku hiyo, moja tu ndilo lililotoka vizuri. Walipofungua kamba na kulipandisha puto juu zaidi, gesi ilishuka kikapuni ikayaharibu mabamba yao pia.

Mabamba makavu ya jelatini yalipoenea, miaka ya 1880, hema la giza likaondolewa kikapuni. Kwa macho yangu hii ndiyo siku picha za angani zilipozaliwa hasa, ingawa haina sherehe wala sanamu. Bamba kavu linaweza kungoja, na likiweza kungoja, mpiga picha hana lazima ya kuwepo. Mwaka 1888 Arthur Batut, wa Labruguière kusini mwa Ufaransa, aliifunga kamera kwenye tiara na kuifyatua kwa utambi uliokuwa ukiungua polepole. George Lawrence wa Chicago, ambaye aliwahi kuanguka kutoka kwenye puto akaokolewa na nyaya za simu, naye alihamia kwenye tiara (ungemlaumu?). Mwaka 1906 alipandisha kamera ya kilo 22 hadi mita 600 hivi juu ya San Francisco, wiki chache baada ya tetemeko na moto, akaifyatua kwa umeme uliopita kwenye waya.

Nimpendaye zaidi ni Julius Neubronner, mwuza dawa wa Kronberg, Ujerumani. Alikuwa akipelekewa dawa na njiwa. Njiwa wake mmoja alipotea kwenye ukungu, akarudi wiki nne baadaye akiwa amenona, na Neubronner akataka kujua njiwa huwa wanapita wapi. Akawatengenezea kamera ndogo ya kufunga kifuani, inayojifyatua yenyewe baada ya muda. Ofisi ya hataza, inayotoa haki za uvumbuzi, haikuamini kwamba jambo hilo linawezekana. Akawapelekea picha, na mwaka 1908 akapewa hataza yake. Katika baadhi ya picha hizo ncha za mbawa zimeingia pembeni, na mimi sioni kama zimeharibu kitu.

Mwaka huo huo Wilbur Wright alimpakia mpiga sinema kwenye ndege yake huko Ufaransa, na njiwa wakapata mpinzani. Ajabu ni kwamba ndege ilirudisha tabu ya mikono. Kamera ya aina ya A ya Waingereza, ya mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilishikwa nje ya ubavu wa ndege katika baridi kali, na kila picha ilidai hatua karibu kumi kwa vidole vilivyokufa ganzi au vilivyomo kwenye glavu nene. Kabla mwaka haujaisha ikaja kamera ya aina ya C, iliyofungwa kwenye ndege na yenye mtambo wa kubadili mabamba. Ya vita nitayaandika siku nyingine, kwa sababu hapo mambo yanakuwa mengi na kolodioni haimo tena.